Feni ya bafuni katika nyumba ya mawe ya pwani: namna ya kuipitisha ukutani bila kuuharibu ukuta

Nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Unguja, za Lamu na za Mji wa Kale wa Mombasa zilijengwa kwa matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Ukuta wake kwa kawaida una unene wa sentimita 45 hadi 60. Hauko mzito na mgumu wote kama unavyoonekana: pande mbili za nje zimepangwa mawe vizuri, lakini katikati mara nyingi ni vifusi vya mawe madogo, udongo na chokaa, pamoja na mianya. Ukuta huu hunywa unyevu na kuutoa polepole. Ndiyo maana feni ya bafuni inayofungwa nusu saa katika nyumba ya matofali ya saruji, hapa inahitaji siku kadhaa na mwashi anayeijua chokaa.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: mvuke lazima usafiri ndani ya bomba moja lisilokatika, kutoka uso wa ndani wa ukuta hadi uso wa nje. Wengi hutoboa tundu, wakabandika feni upande wa ndani na luva (kifuniko chenye vibao vya mlalo) upande wa nje, na katikati wakaacha mawe wazi. Feni inazunguka, sauti inasikika, lakini sehemu ya mvuke inaingia kwenye vifusi vya katikati. Huko hulowesha udongo, huamsha chumvi, na hupanda hadi kwenye ncha za boriti zilizolala ndani ya ukuta. Boriti ikianza kuoza nchani haionekani mpaka dari ishuke.

Kwanza hakikisha ni mvuke

Feni haitibu bomba linalovuja, wala maji yanayopanda kutoka ardhini, wala paa bovu. Katika nyumba hizi mabafu mengi ya ghorofani yaliongezwa baadaye, juu ya sakafu za boriti ambazo hazikukusudiwa kupata maji kila siku, na uvujaji wa sakafu ndio adui mkubwa kuliko mvuke.

Chukua kipande cha nailoni cha sentimita 40 kwa 40, ukibandike ukutani kwa utepe pande zote nne, na uendelee kutumia bafu kama kawaida kwa siku mbili. Matone yakitokea juu ya nailoni, upande wa chumba, unyevu unatoka hewani na feni itasaidia. Yakitokea nyuma yake, ukuta wenyewe umelowa, kwa hiyo tafuta chanzo kabla ya kununua chochote. Angalia pia mahali alama zilipo. Ukungu mweusi kwenye pembe za juu na kwenye boriti ni dalili ya mvuke. Unga mweupe wa chumvi na plasta inayomomonyoka kuanzia sakafuni hadi kiunoni ni maji ya chini, hasa kama mtu aliwahi kupaka saruji juu ya chokaa na kuuziba ukuta pumzi.

Ruhusa na jirani

Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001. Tundu jipya kwenye uso wa nyumba Unguja ni jambo la kupeleka kwa Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe kabla ya kushika tindo. Lamu anzia ofisi ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Peleka picha ya ukuta, alama ya mahali tundu litakapokuwa, kipenyo chake na rangi ya kifuniko cha nje. Ombi la tundu la nyuma ya nyumba, lisiloonekana kutoka mtaani, lina nafasi nzuri zaidi.

Kisha zungumza na jirani. Vichochoro ni vyembamba, na hewa ya choo inayopulizwa kwenye dirisha lake au juu ya baraza ambayo watu hukaa jioni italeta maneno hata kama una kibali mkononi. Lamu, usiipulizie chini ya wikio (chumba kinachovuka juu ya kichochoro), kwa sababu hewa hukwama pale na kurudi. Ukuta unaogawana na jirani usiutoboe kabisa.

Kabla ya kuamua kutoboa, tazama kama kuna tundu la zamani. Bafu nyingi zina kidirisha cha juu au tundu la hewa lililozibwa na mtu miaka iliyopita. Ubao wa mninga au mvule uliokatwa kwa kipimo cha kidirisha hicho, ukatobolewa kwa ajili ya feni na kuzungushiwa silikoni, hukupa njia ya hewa bila kugusa jiwe hata moja. Ukiwezekana, huo ndio mpango bora kuliko yote yanayofuata.

Feni ya ukubwa gani

Pima chumba: urefu mara upana mara kimo. Bafu la mita 2 kwa 2.2 lenye kimo cha mita 3.5 lina mita za ujazo 15.4. Kwa bafu lenye maji ya moto lenga kubadilisha hewa mara 8 kwa saa, yaani kama mita za ujazo 123 kwa saa. Familia kubwa inayooga mfululizo asubuhi ilenge mara 10, yaani 154.

Hapa ndipo watu hukosea. Feni ya kawaida ya milimita 100, ile ya mapanga inayobandikwa ukutani, huandikwa kati ya mita za ujazo 80 na 100 kwa saa, na kipimo hicho huchukuliwa ikipuliza hewani bila kizuizi. Ipe sentimita 55 za bomba, kilango cha nje kinachojifunga, wavu, na upepo wa kusi unaosukuma kinyume, utabaki na kama theluthi mbili au chini yake. Mapanga ya aina hii yana nguvu ndogo ya kusukuma. Kwa watu wawili wanaoacha feni iendelee dakika 20 baada ya kuoga, inaweza kutosha. Kwa wengine chagua feni ya kukaa ndani ya bomba ya milimita 100, ambayo mara nyingi huandikwa kuanzia mita za ujazo 180 kwa saa na haikati tamaa mbele ya upepo. Feni ya milimita 150 nayo ingetoa hewa ya kutosha, lakini inadai tundu la karibu sentimita 20, na katika ukuta wa vifusi tundu hilo ni ugomvi usio wa lazima.

Nunua yenye kipima muda. Unyevu wa pwani una tabia yake. Wakati wa masika hewa ya nje yenyewe imejaa maji, na ukuta mnene wa chumba cha chini usiopata jua huwa baridi kuliko hewa hiyo. Feni ikiachwa izunguke mchana kutwa inavuta hewa mbichi ndani, na ukuta unatoka jasho bila mtu kuoga. Dakika 15 hadi 20 baada ya kuoga zinatosha. Zikizidi hapo, katika miezi hiyo, unajidhuru. Kwa sababu hiyo hiyo feni yenye kihisi cha unyevu inayokuja imepangwa kwa asilimia 65 au 70 mara nyingi haitazimika Zanzibar. Ukiwa nayo, ipandishe hadi 85 au 90, au kizime kihisi.

Vitu vya kuwa navyo

Bomba la PVC la maji machafu la inchi 4, lenye kipenyo cha nje cha milimita 110, urefu wa ukuta na sentimita 10 za ziada. Mdomo wa feni ya milimita 100 huingia ndani yake na kubakiza nafasi ndogo, inayozibwa kwa utepe wa sponji. Usitumie bomba la bati au la alumini ndani ya ukuta: chokaa mbichi huila alumini, na chumvi ya bahari humalizia. Bomba laini la kukunjika pia liache, maana mikunjo yake hupunguza hewa na hushika maji.

Kifuniko cha nje cha plastiki chenye kilango kinachojifunga, skrubu za chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316, silikoni chupa moja, ubao mgumu wa sentimita 20 kwa 20 wenye unene wa milimita 20. Chokaa iliyozimwa kwa maji na kulazwa ikomae, lita 4, na mchanga wa mtoni uliooshwa, lita 12. Mchanga wa pwani usiuguse. Chumvi yake itachanua ukutani kabla ya mwaka kwisha. Mchanganyiko huo wa moja kwa tatu unatosha kujaza tundu la sentimita 16 katika ukuta wa sentimita 55, ambalo linakula kama lita 6, na kubaki cha kumalizia plasta pande mbili.

Zana: keekee yenye biti ya milimita 12 na urefu wa sentimita 80, tindo nyembamba na pana, nyundo ya kilo moja, pima maji, mwiko, fimbo ya kushindilia, miwani na glovu. Chokaa ikiingia jichoni inaunguza. Weka ndoo ya maji safi karibu.

Mahali pa tundu

Mvuke hukusanyika juu, kwa hiyo tundu liwe juu, lakini sentimita 30 chini ya boriti. Hapo mawe yaliyo juu ya tundu yanapata nafasi ya kujibeba na huzigusi ncha za boriti. Acha tena sentimita 30 kutoka ukingo wa dirisha na mlango, ambako vizingiti vya juu vya mbao vimeingia ukutani. Kidaka (shubaka la ukutani) kikiwapo, ukuta wa nyuma yake ni mwembamba na kazi inapungua nusu, ila kama kina nakshi za plasta usikiguse.

Pendelea ukuta usiotazama kusi, ambao ndio upepo wa mvua nzito. Na feni iwe upande ulio mbali na mlango, ili hewa inayoingia ipite chumba kizima. Ikiwa karibu na dirisha linaloachwa wazi, itavuta hewa ya dirishani na kuuacha mvuke ulivyo.

Kutoboa

Jukwaa liwe tayari pande zote mbili, na mtu mmoja asimame kichochoroni kuzuia wapita njia.

1. Anza na tundu la uongozi kwa biti ndefu, kutokea ndani, bila kupigisha nyundo ya keekee. Elekeza chini kidogo kuelekea nje, tofauti ya sentimita 1 hadi 1.5 kwa ukuta mzima, ili mvua iliyoingia itoke. Soma vumbi linalotoka: jeupe ni tumbawe au chokaa, jekundu ni udongo wa katikati, biti ikizama ghafla umefika kwenye mwanya. Vumbi la kahawia lenye harufu ya mbao ni boriti. Acha hapo hapo, ziba, sogea.

2. Chora duara la sentimita 16 pande zote mbili, ukilizunguka tundu la uongozi. Kata plasta kwa tindo nyembamba kwenye mstari wa duara kwanza. Bila hivyo plasta ya zamani itabanduka kipande cha nusu mita.

3. Chimba kutoka nje sentimita 20, kisha malizia kutoka ndani. Ukichimba upande mmoja tu, mawe ya uso wa pili yatapasuka kutoka nje yakiambatana na plasta. Tumbawe ni laini na tindo ya mkono inalikata vizuri. Mashine ya kukata duara inafaa kwenye jiwe moja zima, lakini kwenye vifusi hukamata jiwe lililolegea na kulizungusha, na vifusi vya katikati vinamwagika kupitia tundu. Mashine kubwa za kubomolea zisipande jukwaani kabisa.

4. Jiwe la juu likicheza, usiendelee. Lishindilie kwa vipande vya tumbawe na chokaa, liache usiku mzima, rudi kesho. Vifusi vikimwagika, jaza mwanya kwa mawe na chokaa kabla ya bomba kuingia. Mwanya uliofichwa nyuma ya bomba ndiyo njia ya mende, panya na maji.

5. Safisha vumbi, nyunyizia maji ukuta wa ndani ya tundu hadi unywe. Chokaa ikipakwa kwenye jiwe kavu hunyonywa maji na kubaki unga.

6. Ingiza bomba likiwa limezibwa midomo kwa nailoni. Likae kwenye kabari za mawe madogo, pima mteremko tena. Nje lichomoze sentimita 1 hivi kutoka kwenye plasta, ndani lilingane na uso.

7. Shindilia chokaa kwa fimbo kutoka pande zote mbili, kidogo kidogo, ukichanganya na vipande vya tumbawe ili isinywee. Acha milimita 10 za mwisho kwa plasta. Funika kwa gunia lenye maji siku tatu au nne. Subiri wiki moja kabla ya kufunga chochote kizito.

Mafundi wengi watataka kuongeza saruji kidogo ili ishike upesi. Kataa. Saruji ni ngumu kuliko tumbawe na haipitishi unyevu, hivyo maji yanajikusanya nyuma yake na chumvi inalila jiwe la pembeni. Baada ya misimu michache utakuta pete ya saruji ikiwa nzima, imezungukwa na shimo.

Kufunga feni

Skrubu fupi hazishiki kwenye plasta ya chokaa. Feni hutetemeka, skrubu hulegea, na kelele huanza. Funga kwanza ule ubao wa sentimita 20 kwa plagi za milimita 8 zenye urefu wa milimita 60 au zaidi, zinazofika kwenye jiwe, kisha feni ifungwe kwenye ubao. Feni ya ndani ya bomba iwekewe mpira chini ya vishikio vyake. Zungusha utepe wa sponji kwenye mdomo wa feni kabla ya kuuingiza bombani. Hewa isipate pa kupenya kando. Epuka kona: kila kona ya nyuzi 90 ni kama kuongeza mita moja na zaidi ya bomba.

Nje, kifuniko kizungushiwe silikoni juu na pembeni, chini kiachwe wazi ili maji yatoke. Wavu uwe wa matundu ya milimita 5 au 6, kuzuia mijusi na nyigu. Wavu wa mbu utazibwa na nyuzi za taulo na vumbi ndani ya miezi michache. Kazi ya mbu mwachie kilango.

Umeme

Kazi hii ifanywe na fundi umeme mwenye leseni, nawe uyajue haya ili umkague. Umeme ni kati ya volti 230 na 240. Ndani ya eneo la kuogea hadi kimo cha mita 2.25, na sentimita 60 kulizunguka, feni iwe na kinga ya IPX4 (ya kustahimili maji yanayoruka) angalau, au iwe ya volti 12 na transfoma yake ikae nje ya bafu. Saketi ipite kwenye kikata umeme cha uvujaji cha miliampea 30. Waya wa milimita za mraba 1.5 unatosha. Feni yenye kipima muda inahitaji laini mbili, moja ya kudumu na moja inayopita swichi, pamoja na nyutro. Ukisahau hili wakati wa kupitisha waya, kipima muda hakitafanya kazi. Weka fyuzi ya ampea 3 na swichi ya kukata nyaya zote nje ya mlango. Nyaya zipite juu ya plasta ndani ya trankingi (mfereji wa plastiki wenye kifuniko). Kuchimba mifereji kwenye plasta ya zamani ni uharibifu usio na faida.

Kama bafu lina hita ya gesi ya kuchemsha maji papo hapo, simama. Feni inayovuta hewa inaweza kurudisha moshi wake chumbani, na gesi ya kaboni monoksidi haina harufu. Ihamishie hita nje kwanza.

Hewa ya kuingia

Feni haiwezi kutoa hewa isiyoingia. Chini ya mlango wa sentimita 75 acha nafasi ya sentimita 1. Milango mingi ya zamani ina kizingiti kilichoinuka kinachoziba hapo. Badala ya kukata mlango wa kale, pata njia ya hewa ya sentimita za mraba 75 mahali pengine, kwa mfano luva ndogo kwenye ubao juu ya mlango.

Kukagua, na yanayoharibika

Funga mlango na dirisha, washa, weka karatasi moja ya chooni kwenye uso wa feni: ibaki imenata. Ikianguka, fungua mlango ujaribu tena. Iking'ang'ania sasa, tatizo ni hewa ya kuingia. Ikianguka bado, toka nje utazame kilango, ambacho mara nyingi kimeganda kwa rangi au silikoni. Mwenye kipima upepo apime mdomoni: mita 3 kwa sekunde katika bomba hili ni kama mita za ujazo 92 kwa saa.

Kila miezi mitatu zima umeme, futa mapanga kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, kisha kausha. Chumvi na vumbi vikijikusanya upande mmoja wa panga, feni hupoteza mizani na beringi huisha mapema. Doa la kahawia likionekana chini ya kifuniko cha nje, mteremko umegeuka au silikoni ya juu imeachia. Plasta ikitoa unga mweupe kuzunguka feni peke yake, hewa inavuja kati ya mdomo na bomba; ondoa feni, badilisha sponji. Na kilango kikianza kugongagonga usiku wa kaskazi, usikifunge kwa waya kama wengi wafanyavyo. Tafuta chenye springi, au bandika ukanda mwembamba wa mpira pale kinapogonga.